Benki Inapobadili Kompyuta, Mwenye Hisa Aulize Mapema

Mwezi Aprili 2018, benki ya TSB ya Uingereza ilihamisha hesabu za wateja wake milioni 5.2 kwenda mitambo mipya ya kompyuta, karibu zote kwa mkupuo, katika mwisho wa juma mmoja. Kumbukumbu za fedha zilihama salama, lakini mitambo mipya ikaelemewa, na wateja wapatao milioni 1.9 wakashindwa kuingia katika hesabu zao. Mwaka huo mkasa uliigharimu benki pauni milioni 330, wateja 80,000 walihamia kwingine, na Mkurugenzi Mkuu, Paul Pester, akaondoka. Desemba 2022 ikaja faini ya pauni milioni 48.65.

Mafundi wa programu wana njia mbili. Ya zamani huandika mpango wote kwanza, pamoja na bajeti na tarehe, ndipo kazi ianze. Ya pili, ambayo azimio lake lilitolewa mwaka 2001 huko Utah, Marekani, huenda kwa hatua fupi fupi: sehemu ndogo hutengenezwa, hujaribiwa na watumiaji, kisha hurekebishwa. Kila upande hujisifu, lakini kwa kazi kubwa kama ya benki hakuna njia inayojitosheleza.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa hiyo daftari la fedha, usalama na mikataba na wauzaji wa mitambo vifuate mpango ulioandikwa, wenye vituo ambapo Bodi inaweza kusema "simama". Huduma anazozigusa mteja ziende kwa hatua fupi, na wateja wahamishwe kwa makundi, kuanzia dogo. Kosa likitokea kwa wateja elfu moja hurekebishika. Kwa milioni tano ni msiba.

Wapo watakaosema kuendesha mitambo miwili kwa pamoja ni ghali. Ni kweli, TSB ilikuwa bado ikiilipa Lloyds, mmiliki wake wa zamani, kwa kutumia mitambo yake. Hata hivyo, kodi ya mitambo hujulikana mapema na huwekwa katika bajeti. Hasara ya kuporomoka haina bei iliyopangwa, na hatimaye humwangukia mwenye hisa.

Mwekezaji mdogo anayesikia benki yake ikitangaza mitambo mipya asisubiri gawio lipungue. Katika mkutano mkuu aulize: wateja watahamishwa kwa makundi mangapi, nani amethibitisha majaribio, na nani ana mamlaka ya kuahirisha tarehe? Bodi isiyo na majibu bado haijawa tayari.