Likuta ilikufa, makuta ikabaki: maneno ya zamani ndani ya kesi za leo

Kijana wa Bukavu, wa Bunia ao wa Kindu akisema «sina makuta», kila mtu anaelewa: mfuko ni mtupu. Lakini ukimuuliza likuta moja ilikuwa kitu gani, mara nyingi atacheka tu. Likuta ilikuwa pesa ya kweli. Mwezi wa Juni 1967 serikali ya Mobutu iliondoa franga na kuleta zaire. Zaire moja ilikuwa na makuta 100, na kila likuta ilikuwa na sengi 100. Bei ilipopanda, sengi ilikuwa ya kwanza kupotea, likuta ikafuata, na mwisho zaire yenyewe ikaenda. Leo sokoni kunatembea dola na franga. Makuta haionekani tena, lakini midomoni haijatoka.

Wazee wanapenda kulaumu vijana kwamba wanaharibu lugha, wanachanganya Kiswahili na Kifaransa na Kilingala mpaka mtu hajui nini inasemwa. Hiyo ni nusu ya ukweli. Wazee wenyewe walichanganya, tena sana: leta ni «l'État» ya Wafaransa, na kapita ilitoka kwa Wareno. Hapa mashariki, maneno mengi hayakufa kwa uzee. Yalikufa siku ile nguvu iliyoyaleta ilipoanguka. Yale yaliyobaki ni yale ambayo raia waliyachukua na kuyafanyia kazi yao wenyewe.

Chukua jina la lugha yenyewe. Kiswahili cha Maniema na Kisangani kiliitwa kingwana kwa muda mrefu, kwa sababu kililetwa na wangwana, watu waliotembea na misafara ya Tippu Tip na wafanyabiashara wengine wa kutoka pwani, wakakaa Nyangwe na Kasongo. Waungwana maana yake ni watu huru, wasio watumwa. Kati ya 1892 na 1894 jeshi la Leopold lilivunja utawala wao. Lugha ilibaki na ikaendelea kupanuka, lakini wangwana kama watu wenye cheo hawakuwako tena, na jina kingwana likabaki zaidi ndani ya vitabu vya wamisionari na vya wasomi. Leo mkaaji wa Kasongo anasema tu: «tunasema Kiswahili.»

Bulamatari ni vilevile. Jina hilo, mvunja mawe, alipewa Stanley kule Bas-Congo alipokuwa anafungua barabara, kisha likawa jina la serikali yote ya wazungu. Aliyesema «Bulamatari anakuja» alikuwa anasema kodi, fimbo na kazi ya lazima. Baada ya uhuru watu walilisahau polepole. Leta ndiyo imebaki, pengine kwa sababu haimtaji mtu yeyote: kila anayekuja na karatasi ya kodi anaweza kuwa Leta.

Wakati wa Mobutu ulileta mzigo mzima wa maneno. Ilikuwa marufuku kusema Monsieur na Madame, wote walikuwa citoyen na citoyenne. Wanaume walivaa abakosti, yaani «chini na suti». Jimbo liliitwa région, teritwari ikaitwa zone. Tarehe 24 Aprili 1990 Mobutu alipotangaza mwisho wa chama kimoja, kravati zilitoka ndani ya masanduku, na citoyen akarudi kuwa Monsieur mbele hata sheria kubadilika. Neno lililolazimishwa kwa miaka karibu 20 lilianguka kwa muda mfupi sana.

Salongo ilitoka kwa utawala uleule, na haikuanguka. Ilikuwa kazi ya bure ya pamoja, na ilichukiwa na wengi, kwa sababu iliwakumbusha ile kilimo ya lazima ambayo Wabelgiji walianza 1917, siku 60 kwa mwaka. Lakini mtaa wenye mtaro uliojaa takataka unahitaji jina la kazi ya kuuzibua, hata kama rais amebadilika. Basi watu walishika neno na wakamwacha mwenye nalo. Swali linalobaki ni lile la zamani: salongo ni ya nani, ya wakaaji wanaopatana ao ya mwenye kutoza amende kwa asiyekuja?

Maneno ya vita yana tabia nyingine. Hayafi, yanabadilisha nguo. Simba ni mnyama tu, lakini kwa mtu aliyekuwa Uvira ao Kisangani 1964, ni kijana aliyeogeshwa dawa ya maji na kuambiwa risasi haitamwingia. Kisha wakaja Mayi-Mayi wa miaka ya 1990, na maji yaleyale. Kadogo lilikuwa neno la mama kwa mtoto wake wa mwisho. Mwaka wa 1996 AFDL ilipoanza kupanda kutoka Kivu ya Kusini, likawa jina la mtoto mwenye bunduki ndefu kumpita yeye mwenyewe. Jina hilo lilisaidia kuficha jambo. Ukisema kadogo, unasikia mtoto, unacheka kidogo, na humuulizi mkubwa aliyempa silaha. Mwaka wa 2012 serikali ilitia sahihi na Umoja wa Mataifa mpango wa kumaliza kuingiza watoto jeshini. Tangu wakati ule habari nyingi zinatumia maneno marefu: watoto waliotumikishwa na vikundi vyenye silaha. Ni mazito mdomoni, lakini yanasema kwamba kuna mtu aliyewatumikisha.

Siku hizi ni zamu ya wazalendo. Zamani lilikuwa neno la hotuba na la masomo, mtu mwenye kupenda inchi yake. Tangu 2022 na 2023 ni jina la vikundi vinavyopigana upande wa jeshi dhidi ya M23. Mwalimu anayetaka kuwafundisha watoto uzalendo wa kawaida, kulipa kodi, kutunza chemchemi, sasa anajikuta analazimika kueleza kwanza kwamba hazungumzii bunduki.

Lakini pahali ambapo maneno ya zamani yanaumiza watu kweli ni kwenye mashamba.

Kuna karatasi nyingi ndani ya masanduku ya familia zenye maneno kama haya: zone ya Walungu, région ya Kivu, shamba limeuzwa kwa zaire 200, mwaka wa 1975. Muuzaji amekufa, mnunuzi amekufa, wajukuu wanasimama mbele ya chifu. Mjukuu wa muuzaji anasema: «Zaire mia mbili? Hiyo ni pesa gani? Babu yetu mlimwibia.» Vijana waliosimama pembeni wanakubali, kwa sababu zaire wanayoisikia katika hadithi ni ile ya mwisho, ya mabunda ndani ya kikapu.

Ndiyo hapo hesabu inahitajika. Mwaka wa 1975 zaire moja ilihesabiwa rasmi kama dola mbili. Zaire 200 ilikuwa kama dola 400 za wakati ule, na si pesa ya kuchezea. Kuanguka kulianza 1976. Mwisho wa 1979 noti za zaire tano na kumi zilifutwa kwa ghafula, na aliyekuwa ameficha akiba chini ya kitanda aliamka maskini. Mwaka wa 1993, baada ya noti ya milioni tano kukataliwa na watu, zaire mpya moja ilichukua nafasi ya zaire za zamani milioni tatu. Mwaka wa 1998 franga ilirudi, moja kwa zaire mpya 100 000. Ukizidisha, franga moja ya 1998 inakuwa zaire za zamani bilioni 300. Jina moja, zaire, lilibeba bei ya ng'ombe na bei ya kitu kisichofika hata punje ya chumvi. Mwamuzi asiyeuliza mwaka anahukumu kwa hewa.

Wazee waliopita pale hawakushangaa sana mwaka wa 2025. Goma ilipochukuliwa na AFC/M23 mwisho wa Januari na Bukavu katikati ya Februari, benki zilifunga milango, franga zikawa chache, na muuzaji akaanza kugeuza kila noti akitafuta pahali ilipopasuka. Kwa kijana ilikuwa jambo jipya. Kwa bibi aliyepoteza akiba yake 1979, ilikuwa mara nyingine.

Rudi kwenye shamba. Upande wa Kabare na Walungu kuna maneno mawili ya Kishi yaliyoingia ndani ya Kiswahili cha huko, ambayo vijana wengi wa mjini wanayachanganya: kalinzi na bwasa. Aliyetoa kalinzi, zamani ng'ombe, kwa mwami ao kwa mdogo wake, alipata haki ya kukaa na kuwaachia watoto. Bwasa ni ya muda: unalipa, unalima mahindi ao maharagi, unavuna. Migomba hupandi, sababu mgomba unakaa miaka na unaonyesha kwamba mwenye kuupanda hana safari. Kwa Kiswahili cha leo yote mawili yanakuwa «alilipa shamba». Maneno mawili yanapokuwa moja, mjane wa mtu wa kalinzi anaweza kufukuzwa kama mtu wa bwasa. Kinyume chake pia kinatokea: mwenye kukodi msimu anapanda migomba usiku, na kisha ya miaka kumi anaita mashahidi.

Sheria ya ardhi ya 1973 haikusaidia. Ilisema udongo wote ni mali ya Leta, na kuhusu mashamba ya desturi iliahidi ordonansi ya rais itakayoeleza haki zake. Miaka ikapita, viti vikabadilika, ordonansi haikutoka. Kwa hiyo mbele ya chifu, na hata mbele ya tribinali, inategemewa sana ushahidi wa mdomo: mzee fulani alisikia nini, na neno gani lilitamkwa siku ile pombe ilipokunywewa.

Mzee huyo akiitwa kutoa ushahidi, atasema «kapita alikuwepo, tulitoa bwasa, ilikuwa makuta themanini». Mwenye kuandika, mara nyingi kijana aliyetoka masomoni, ataandika kwa Kifaransa kwamba shamba lilinunuliwa kwa pesa, mbele ya chifu wa kijiji. Ndani ya sentensi hiyo bwasa imekuwa mauzo, na makuta themanini, ambayo haikufika hata zaire moja, imekuwa «pesa» bila hesabu. Mzee anaambiwa aweke kidole. Anaweka, kwa sababu Kifaransa hakusomewa.