Kunguru hatokwisha tukiendelea kumlisha

SIFA zote njema ni za Mwenyezi Mungu (S.W.), aliyeumba kila kitu kwa kipimo. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake.

Ndugu Waislamu, katika miji ya mwambao wetu, kuanzia Malindi na Mombasa hadi Unguja na Dar es Salaam, kunguru weusi wenye shingo ya kijivu wamekuwa wengi kupita kiasi. Ndege hawa si wa asili ya nchi hizi. Waliletwa Unguja kutoka Bara Hindi katika miaka ya 1890, chini ya himaya ya Waingereza, ili wale taka za mji. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1940 walikwishafika Mombasa.

Waliowaleta walikusudia usafi, lakini yaliyofuata ni madhara. Kunguru huyu hula mayai na makinda ya ndege wetu, kama chozi na mnana. Hudonoa mahindi shambani na samaki walioanikwa ufukweni. Hunyakua vifaranga uani. Mjane anayefuga kuku wa kienyeji ili asomeshe mayatima, akinyang'anywa vifaranga saba kati ya kumi, riziki yake ya miezi imepotea.

Sheria yetu haikunyamaza juu ya jambo hili. Katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, Mtume (S.A.W.) amemtaja kunguru miongoni mwa wanyama watano wanaoruhusiwa kuuawa hata na aliyehirimia. Wapo wanazuoni walioeleza kuwa sababu ni madhara yao. Lakini ruhusa hiyo si leseni ya ukatili, kwani Mtume (S.A.W.) ameamrisha ihsani hata katika kuua. Anayetupa sumu ovyo, ikafikiwa na paka, kuku wa jirani au mtoto, ameondoa dhara kwa dhara. Kazi hiyo waachiwe wataalamu.

Hata hivyo, kuua peke yake hakutoshi. Zanzibar iliendesha kampeni katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1990, na kunguru wakapungua sana. Ilipokoma, wakaongezeka tena. Januari 2024, Shirika la Wanyamapori la Kenya lilitangaza nia ya kuangamiza kunguru milioni moja kabla ya mwaka huo kwisha. Watarudi tu iwapo sisi wenyewe tunawaandalia chakula.

Tujiulize: baada ya Idi ya kuchinja, matumbo na damu tunavitupa wapi? Mabaki ya pilau ya harusi na hitima humwagwa wapi? Ibada iliyoanza kwa bismillahi haifai kuishia jaani. Sura ya Ar-Rum, aya ya 41, inatufundisha kuwa uharibifu wa bara na bahari hutokana na matendo ya watu, nao huonjeshwa sehemu yake ili warejee.

Kurejea kwenyewe kuanze misikitini. Kila kamati ya msikiti ichimbe shimo la kufukia mabaki ya machinjo, maimamu walizungumze mimbarini, na halmashauri zizoe taka kwa wakati. Kumwondolea Muislamu mwenzio dhara njiani ni katika imani. Sembuse dhara linalomnyima mjane riziki yake?

Wabillahi tawfiq.