Jua Halina Likizo: Umeme wa Nyumba ya Mapumziko Uwe wa Nani?



Mkutano wetu wa mwisho ulikawia kwisha. Kilichotuweka hadi giza kuingia ni swali ambalo, lilipoulizwa, wengi wetu tulidhani lingemalizika kwa dakika kumi: je, tuweke paneli za jua juu ya paa la nyumba yetu ya mapumziko iliyoko nje ya mji? Fedha zipo. Mmezipata ninyi wenyewe kwa kuosha magari, kwa kuuza maandazi baada ya Misa na kwa michango ya kila mwezi. Fundi amekwisha kwenda, amepima paa na kuandika hesabu. Lililobaki lilikuwa kukubali tu. Hata hivyo hatukukubali wala hatukukataa. Uamuzi umeachiwa mkutano ujao. Kabla ya siku hiyo tunapenda kuwaeleza jinsi tulivyolitafakari jambo hili, kwa maana tunaona kwamba ndani yake mna swali zito kuliko lile la paa.

Nyumba yenyewe mnaijua. Ina vyumba vinne na kibaraza, nayo iko upande wa barabara ya kwenda Kasenga, katika sehemu zile ambazo watu wa Lubumbashi wenye uwezo hujipatia fermu ili wapumzike mwishoni mwa juma. Sisi hulala huko mara mbili kila mwezi, na tena juma zima la ziada mwezi wa Agosti. Tukijumlisha, katika siku 365 za mwaka tunalala pale mara 31. Mara 334 zinazobaki, milango imefungwa.

Kwanza tuseme wazi kwamba kutamani mwanga si kosa, hasa katika nchi yetu hii ya Katanga. Umeme ulifika huku mapema. Bwawa la Mwadingusha juu ya mto Lufira lilianza kazi mwaka 1930; baadaye yakafuata Koni juu ya mto huohuo, na Nzilo na Nseke juu ya Lualaba. Lakini yote hayo yalijengwa kwanza kwa ajili ya migodi na viwanda vya kuyeyushia shaba. Mwaka 1982 ulikamilika mstari mrefu wa umeme kutoka Inga hadi Kolwezi, kiasi cha kilomita 1,700. Umepita juu ya vijiji vingi mno bila kuviwashia hata taa moja, kwa kuwa umeme wa namna ile hauchotwi njiani kwa urahisi, na safari yake ilikuwa ya kwenda migodini. Hadi leo ninyi mnaokaa Katuba, Kenya au Ruashi mnalijua neno delestaji kabla ya kujua kuandika. Mtu aliyekulia katika hali hiyo akiona kipande cha kioo kinachogeuza jua kuwa umeme, bila kumwomba mtu ruhusa, hawezi kulaumiwa akifurahi.

Na jua tunalo. Mji wetu uko kati ya nyuzi 11 na 12 kusini mwa ikweta, juu ya uwanda wa mita 1,200 na zaidi, na katika kiangazi, kuanzia Mei hadi Septemba, mawingu ni machache sana. Paneli ikiinamishwa kidogo kuelekea kaskazini, kama inavyopasa kwa sisi tulio kusini mwa ikweta, na ikifutwa vumbi, hufanya kazi vizuri. Paneli moja ya wati 300, ikipata saa tano za jua kali, na tukiondoa kinachopotea katika joto, waya na betri, hutupatia karibu kilowati-saa moja kwa siku. Taa sita za LED za wati 7 zikiwaka saa tano hutumia humo kidogo zaidi ya sehemu moja ya tano. Kuchaji simu kumi hakufiki hata hapo. Lakini friji ya kawaida peke yake yaweza kumaliza kazi yote ya paneli hiyo, na pasi ya umeme huimaliza kwa saa moja. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Ndivyo ilivyo kwa umeme pia.

Fundi alituandikia hesabu mbili. Ya kwanza ni kubwa: taa katika kila chumba, friji, pampu ya kisima, televisheni, na betri za kutosha kwa hayo yote. Ya pili ni ndogo: taa, simu na redio basi, bei yake haifiki theluthi ya ile ya kwanza. Wengi walivutwa na ile kubwa. Tukaanza kusikia maneno kama heshima ya chama, wageni kutoka parokia nyingine, na aibu ya kunywa maji ya vuguvugu.

Hapo ndipo binti mmoja anayemaliza masomo ya sekondari mwaka huu aliposimama. Hakusema mengi. Aliuliza: «Kama tunazo fedha za kuangazia nyumba tunamolala mara 31 kwa mwaka, mbona ukumbi wa parokia tunamosomea kila jioni huwa gizani?» Tulinyamaza. Kila mmoja wetu anaufahamu ukumbi ule: wanafunzi wanaojiandaa kwa Mtihani wa Taifa hukaa watano watano kuzunguka simu moja iliyowashwa tochi, na simu ikizimika, masomo yamekwisha.

Tangu siku hiyo tumelipima swali lake kwa haki, na tumeona kwamba lina mizizi mirefu.

Mzizi wa kwanza uko katika kifaa chenyewe. Jua halina likizo. Huwaka Jumatatu kama linavyowaka Jumapili, tukiwepo na tusipokuwepo. Nyumba ikifungwa, betri hujaa kabla ya mchana kwisha, na kidhibiti hufunga mlango: nguvu yote inayoendelea kumwagika juu ya paa hupotea. Siku ya pili hivyohivyo, na siku ya tatu. Wakati huohuo betri inazeeka, kwa maana betri huzeeka hata isipotumika, na ile ya risasi ikiachwa bila chaji ya kutosha huharibika kwa miezi michache. Basi tungekuwa tumenunua mtambo mkubwa ili uzeeke polepole katika nyumba isiyo na watu.

Mzizi wa pili uko katika ardhi yetu. Mara nyingi husemwa kwamba nguvu ya jua ni safi. Ni kweli kwamba haitoi moshi kama jenereta. Lakini sisi wa Katanga hatuna ruhusa ya kusahau kwamba kila waya una shaba, na kwamba shaba hutoka shimoni. Betri nyingi za simu na za magari ya umeme zina kobalti, na sehemu kubwa ya kobalti ya dunia nzima huchimbwa hapa nchini. Zipo betri za chuma na fosfati zisizotumia kobalti kabisa, nazo zafaa zaidi kwa nyumba. Tumemwomba fundi azitafute. Hata hivyo, hakuna mtambo uliotengenezwa bila kuchimbua mahali fulani. Tunawajua vijana wa rika lenu wanaoshuka mashimoni upande wa Kolwezi na Likasi. Kitu kilichogharimu jasho la namna hiyo hakistahili kulala bila kazi siku 334.

Mzizi wa tatu uko katika mafundisho tuliyopokea. Katika barua yake Laudato si' ya mwaka 2015, hayati Papa Fransisko alikumbusha fundisho la zamani la Kanisa, kwamba vitu vya dunia vimekusudiwa kwa wote, na kwamba mali ya mtu au ya kikundi hubeba deni kwa jamii. Vatikano yenyewe iliweka paneli 2,400 juu ya paa la Ukumbi wa Paulo wa Sita mwaka 2008. Wengine katika mkutano wetu walitaja mfano huo ili kutuhimiza tuchague hesabu kubwa. Lakini tuutazame vizuri: umeme wa paa lile haukukusudiwa ukumbi peke yake, hutumika pia katika majengo ya jirani. Mfano huo unatufundisha kutafuta paa linalofanya kazi, wala hautufundishi kupamba paa.

Sasa yatupasa kuungama jambo moja. Katika hesabu zote mbili tulizompa fundi, tulikumbuka taa za vyumba vya wageni, ya kibaraza, hata ya choo. Hatukukumbuka kijumba cha sentineli. Baba yule anaishi pale pamoja na mkewe na watoto wao mwaka mzima, mvua na kiangazi. Yeye ndiye anayetufungulia lango, na mkewe ndiye anayetupikia bukari. Jioni huwasha mshumaa, au tochi wakipata betri. Watu pekee wanaolala pale siku zote 365 ndio pekee ambao hawakuwamo katika daftari letu. Hakuna aliyefanya hivyo kwa ubaya, hatukuwaona tu. Lakini kutoona nako ni kosa, na tunaliandika hapa ili tusilirudie.

Kwa hiyo rai yetu ni hii. Nyumba ya mapumziko iwekewe mtambo mdogo, ule wa hesabu ya pili, na taa zake za kwanza ziwe katika kijumba cha sentineli. Fedha zitakazobaki zipelekwe katika ukumbi wa parokia, mahali ambapo paneli itafanya kazi kila siku ya juma na mwanga wake utatumiwa kila jioni na wanaousubiri. Na sehemu fulani iwekwe akiba tangu leo kwa ajili ya kubadilisha betri, kwa maana siku hiyo itafika, na vyama vingi hushindwa hapo.

Tunajua pingamizi zilizopo. Kuna waliosema kwamba fedha zilichangwa kwa ajili ya nyumba, wala si kwa ajili ya ukumbi. Pingamizi hilo ni zito na hatuwezi kulipuuza. Fedha iliyotolewa kwa nia moja haihamishwi kwa siri kwenda kwenye nia nyingine, hata kama ya pili ni bora. Ndiyo maana tunataka waliochanga waulizwe mmoja mmoja, na asiyekubali sehemu yake ibaki katika nyumba. Tukiwanyima watu neno lao ili tufanye mema, mema hayo yatakuwa yameanza vibaya.

Wengine walisema kwamba paneli kijijini zitaokoa miti ya miombo inayokatwa kwa ajili ya makaa. Tungependa iwe hivyo, lakini tusijidanganye. Jiko la umeme hutaka wati 1,000 au zaidi, na hata hesabu ile kubwa haikuwa na uwezo wa kupikia watu thelathini. Makaa tutaendelea kuyatumia. Kwa miti, dawa nyingine itafutwe, kama vile majiko yanayobana makaa na kupanda miche.

Wengine walihofu wezi. Nasi tunahofu. Lakini ni nani atakayeulinda vizuri zaidi mtambo ule: mtu anayeulinda huku yeye akiwa gizani, au mtu ambaye watoto wake wanausomea?

Mwisho, wapo waliosema kwa unyofu kwamba mapumziko nayo ni haja, na kwamba kijana aliyechoka na kelele za mji anastahili mahali pazuri. Tunakubali kabisa. Lakini kumbukeni jioni zetu za Agosti pale kibarazani, tukiwa na moto mmoja na nyota ambazo mjini hatuzioni. Hakuna hata mmoja wetu aliyerudi nyumbani akilalamika kwamba hakuona televisheni. Siku nyumba ile itakapoanza kupokea wageni kila juma, hesabu itabadilika, na paneli zitaongezwa moja moja. Mtambo wa jua una wema huo, hukua pamoja na haja.

Njoni basi katika mkutano ujao mkiwa na daftari na kalamu. Kabla ya hapo, kila kikundi kizungumze juu ya maswali haya:

1. Katika nyumba au vyombo vya kikundi chetu, ni kipi kinachokaa siku nyingi bila kazi, na ni nani jirani yetu angeweza kukitumia?

2. Katika mipango yetu ya mwaka huu, ni mtu gani anayetuhudumia ambaye hatukumwandika katika daftari?

3. Kama ungeulizwa leo kuhusu mchango wako, ungeupeleka kwenye nyumba au kwenye ukumbi, na kwa sababu gani?