Paka wa Nani?

Mtu akishuka gatini Lamu wakati wa asubuhi, wa kwanza kumwona si mchukuzi wala mwenye punda, bali ni paka. Amekaa juu ya ukuta, mkia ameuzungusha miguuni, azitazama mashua za wavuvi zikiingia. Mwingine yu chini ya meza ya muuza samaki, na mwingine amelala barazani mwa nyumba ya mawe. Mji huo wa kisiwani, katika nchi ya Kenya, ni mji wa kale, na mwaka 2001 uliandikwa katika orodha ya urithi wa dunia. Vichochoro vyake ni vyembamba, hata mtu akikutana na punda mwenye mzigo hubidi ajibanze ukutani. Humo paka ni wengi sana. Wageni huwapiga picha kwa sababu ya umbo lao jembamba na masikio yao makubwa, na husema kwamba wafanana na paka waliochorwa na Wamisri wa zamani.

Mgeni huenda zake na picha yake. Angalikaa juma moja, angaliona na mengine: paka mwenye jicho lililofumba kwa usaha, paka aliyekonda hata mbavu zake zahesabika, na watoto wa paka watatu ndani ya kikapu kikuukuu kilichoachwa jalalani, macho yao hayajafumbuka bado. Wala mambo haya si ya Lamu peke yake. Mombasa yako, Unguja yako, Dar es Salaam yako, na kila mji wenye soko la samaki. Waswahili wana neno lao kwa paka wa namna hii asiye na nyumba. Humwita paka shume.

Chukua mfano huu. Paka mmoja amevunjika mguu, naye amejikokota hata chini ya baraza, akalala. Tangu alfajiri hata adhuhuri watu wengi wapita mbele yake. Muuza maandazi amwona, asema, "Maskini," kisha aendelea, maana maandazi yapoa. Mzee mmoja ampisha kwa upande asije akamkanyaga. Kijana mmoja asimama, ainama kidogo, lakini asikia wenzake wakija, naye ainuka upesi na kujifanya afunga kiatu. Baadaye wafika wavulana wawili. Mmoja aokota kokoto, amtupia. Paka alia. Kokoto la pili larushwa, na la tatu, na wavulana wacheka. Mlango wa jirani wafunguliwa, mtu mzima atokeza kichwa, asema kwa ukali, "Acheni makelele hapo! Watu wamelala!" Wavulana wakimbia, na mlango wafungwa.

Katika watu hao, nani mwenye kosa? Wengi watajibu mara moja kwamba ni wale wavulana. Nao wana kosa, hapana shaka. Lakini yule mtu wa mlangoni ni mwalimu wao, ingawa hakujua kwamba afundisha. Hakuwaambia kwamba kumpiga kiumbe aliyeumia ni vibaya. Aliwaambia kwamba kelele ni vibaya. Siku nyingine watampiga kimya kimya.

Na yule kijana aliyefunga kiatu? Huyo moyo wake ulikuwa mwema, lakini aliogopa kuchekwa. Woga huu si mdogo, nao si wa Lamu wala wa Waafrika tu. Mwaka 1821, katika Bunge la Uingereza, mbunge mmoja jina lake Richard Martin alitaka iwekwe sheria ya kuzuia farasi wasiteswe. Mwenziwe aliposema kwamba punda nao wahifadhiwe, Bunge zima liliangua kicheko. Mwingine akasema kwamba Martin atakuja kutaka sheria ya mbwa. Wakacheka zaidi. Ndipo sauti moja ikaita, "Na paka!" na wabunge walicheka hata wakashika mbavu. Mwaka uliofuata, 1822, sheria ilipita, lakini ilikuwa ya ng'ombe, kondoo, farasi na punda. Mbwa na wanyama wengine wa nyumbani waliingizwa mwaka 1835 tu. Basi hata huko paka alikuwa wa mwisho kuhurumiwa na wa kwanza kuchekwa.

Kwa nini iwe hivyo? Yafaa kumlinganisha paka na punda, maana huko Lamu wote wawili waonekana kila njia. Punda akiumia, watu huuliza, "Punda wa nani?" Mwenyewe hutafutwa, huitwa, hulaumiwa. Mwaka 1987 watu wa shirika moja la Uingereza walifungua hapo mahali pa kutibia punda, na wenye punda wakawapeleka. Paka akiumia, watu huuliza swali lile lile, "Paka wa nani?" Lakini jibu lake ni, "Si wa mtu," na shauri limekwisha. Swali ambalo kwa punda ni mwanzo wa msaada, kwa paka ni mwisho wake.

Tena jibu lenyewe si la kweli. Paka wa mjini si mnyama wa mwitu. Wahenga wake walikuwa paka-mwitu wa Afrika ya kaskazini na nchi za karibu nayo, ambao walianza kukaa na watu pale watu walipoanza kuweka nafaka ghalani. Mwaka 2004 wataalamu walitangaza kwamba katika kisiwa cha Cyprus wamefukua kaburi la mtu aliyezikwa pamoja na paka, na kaburi hilo lina umri wa miaka kama 9,500. Tangu siku hizo paka amekuwa mnyama wa nyumbani. Kwa hiyo paka shume, ama yeye mwenyewe, ama mama yake, ama bibi yake, alitoka katika nyumba ya mtu fulani.

Alitokaje? Paka jike aweza kupata mimba kabla hajatimiza hata miezi sita. Huichukua kwa siku kama 63, huzaa watoto wanne au zaidi, na aweza kuzaa mara mbili au tatu katika mwaka mmoja. Mwenye nyumba humpenda paka wake, lakini wale watoto hawataki. Basi huwatia kikapuni, hungoja giza liingie, huwapeleka sokoni, huwaacha. Hujiambia kwamba sokoni hakukosi vichwa vya samaki. Ni kweli, hakukosi. Lakini mtoto wa paka wa majuma mawili hali kichwa cha samaki. Anywa maziwa ya mama yake tu, na mama yake ameachwa nyumbani akilia mlango hata mlango. Mithali yasema kwamba paka wa nyumba haingwa, yaani hafukuzwi. Mwenye kikapu huishika sana mithali hiyo: hamfukuzi paka wake, huwafukuza watoto wake.

Wako wanaosema, "Watu wenyewe wana njaa, itakuwaje paka wahurumiwe?" Neno hili si la kudharauliwa, maana ni kweli kwamba katika miji hiyo wako watoto walalao bila kula. Lakini paka hakuwanyang'anya, wala hapana mtoto aliyepata kushiba kwa sababu paka amepigwa jiwe. Tena mtu akitazama vizuri sokoni ataona kwamba wanaowatupia paka utumbo wa samaki mara nyingi ni wapaaji samaki wenyewe, ambao si matajiri.

Wengine husema kwamba paka huleta ugonjwa. Nalo lina ukweli wake. Kichaa cha mbwa chaweza kuletwa na paka pia, kwa kuuma, na dalili zikitokea karibu kila mgonjwa hufa. Mtoto aliyeumwa au kukwaruzwa na paka asiyejulikana asifiche jambo hilo kwa kuogopa kugombezwa. Na aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka muda wa dakika 15, kisha apelekwe hospitali siku hiyo hiyo akachanjwe. Wala asimshike kwa mikono mitupu paka aliyeumia, hata akimhurumia, kwa maana mwenye maumivu huuma. Amwite mtu mzima, na paka afunikwe kwa gunia au nguo nzito. Lakini hofu ya ugonjwa ingekuwa sababu ya kuwachanja paka. Watu huifanya kuwa sababu ya kuwaacha, na paka walioachwa ndio wasiochanjwa.

Mahali pengine watu huchoka, wakatia sumu katika samaki na kuitupa njiani. Paka hafi upesi kwa sumu. Hutetemeka na kutapika mpaka amekwisha. Kuku wa jirani nao hufa. Baada ya miezi michache paka wengine huja, kwa sababu jalala li palepale na chakula ki palepale. Dawa iliyo bora yajulikana: daktari wa wanyama huwafunga uzazi, madume na majike, huwachanja, hukata ncha ya sikio moja iwe alama, na kuwarudisha walikokuwa. Hapo paka hukaa mahali pake, hukamata panya, hasa walio wadogo, wala haongezi watoto wa kutupwa. Kazi ya namna hii imefanywa huko Lamu. Yenda polepole, maana mkononi mwa daktari mmoja paka ni wengi, na vikapu vyaendelea kuletwa usiku.

Sheria nayo ipo. Kenya ina sheria yake ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, ambayo yakataza kumpiga, kumtesa na kumtia hofu mnyama kwa ukatili. Tanzania ilitunga yake ya ustawi wa wanyama mwaka 2008. Lakini askari hawezi kusimama katika kila kichochoro, na sheria yangoja mtu wa kwenda kushitaki. Atakayekwenda kushitaki kwa ajili ya paka ajua atakavyochekwa kituoni. Hao ambao kila siku hupita mbele ya baraza hawajavunja sheria yo yote.

Jioni mashua hurudi. Wapaaji huketi ufukoni na visu vyao, na paka hutoka katika vichochoro, mmoja mmoja, kisha kumi, kisha ishirini, wakakaa kwa kungoja. Utumbo watupwa, waugombania, giza laingia. Yule wa chini ya baraza hayumo, na hapana aliyeuliza.