Aliyechanganya Michezo na Siasa Ni Nani?

Kila inapotajwa habari ya kususia mashindano, huzuka watu wakatuasa kwamba michezo isichanganywe na siasa. Nasaha hiyo ni njema masikioni, lakini ingepelekwa kwanza kwa aliyeanza kuchanganya. Afrika Kusini ya makaburu haikungoja mgeni aitie siasa uwanjani. Timu zake za taifa zilikuwa za wazungu watupu, na hata wageni walichaguliwa kwa rangi: mwaka 1960 New Zealand ilipeleka huko timu ya raga isiyo na Mmaori hata mmoja, ili wenyeji wasiudhike. Mwaka 1970 Wamaori waliruhusiwa, kwa sharti la kuhesabiwa "wazungu wa heshima". Heshima gani hiyo, anayopewa mtu kwa kukanwa asili yake?

Wengine walidai kwamba makaburu wangejifunza polepole kwa kucheza na walimwengu. Uingereza ilikuwa ikicheza nao kriketi tangu 1889. Karibu miaka 80 baadaye, mwaka 1968, ikamteua Basil D'Oliveira, mzaliwa wa Cape Town aliyelazimika kuhama kwao kwa kuwa rangi yake ilimfungia milango ya timu ya taifa. Waziri Mkuu wa Afrika Kusini, Vorster, akakataa kuipokea timu yenye mtu huyo, na ziara ikavunjika. Mwanafunzi wa miaka 80 asiyeelewa somo la kwanza hahitaji kuongezewa vipindi.

Tuje Montreal, 1976. Damu ya watoto wa Soweto, iliyomwagwa na polisi wa makaburu tarehe 16 Juni, haijakauka, timu ya raga ya New Zealand ikaenda kuzunguka Afrika Kusini kwa baraka za serikali yake. Waafrika wakataka New Zealand iondolewe kwenye Olimpiki. Wakajibiwa kwamba raga si mchezo wa Olimpiki. Kwa herufi ya kanuni jibu hilo lilikuwa sahihi. Lakini malalamiko hayakuhusu umbo la mpira. Yalihusu taifa lililokwenda kumpa mbaguzi mkono mbele ya dunia, kisha likataka kukaa nasi kana kwamba hakuna lililotokea. Zaidi ya nchi 20 zikajitoa, Tanzania na Kenya zikiwamo. Mwaka haujapita, Juni 1977, viongozi wa Jumuiya ya Madola wakakubaliana huko Gleneagles kuzuia uhusiano wa kimichezo na makaburu, na New Zealand ikaafiki.

Hasara ilikuwapo, wala tusiifunike kwa nyimbo za ushujaa. Filbert Bayi wa Tanzania, aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 1500 mjini Christchurch mwaka 1974 huku akimwacha nyuma John Walker wa New Zealand, hakukimbia Montreal. Walker akachukua dhahabu. Wafanyabiashara wa nchi kubwa, wakati huohuo, waliendelea kuuziana na Pretoria bila kukosa usingizi. Hapo ndipo wapinzani wa mgomo wana hoja ya kweli, ila wanaimaliza vibaya: ubovu wa biashara hauhalalishi mechi. Basi serikali inayomwambia mkimbiaji wake asiende, na imwambie pia mfanyabiashara wake asiuze. Na yule kijana aliyetoa miaka yake bora kwa ajili ya wote, nchi imtunze kwa fedha na kazi, si kwa kupigiwa makofi uwanja wa ndege.