KADI ZA LAKERS: SURA YA MZEE, MSHIKO WA NANI?



Mwezi Agosti 2025 kipande kimoja cha karatasi ngumu kiliuzwa kwenye mnada kule Marekani kwa dola milioni 12.932. Kwa madafu ni zaidi ya bilioni 30. Ni kadi ya kikapu ya msimu wa 2007-08, kazi ya kampuni ya Upper Deck, ina sahihi ya Michael Jordan na sahihi ya marehemu Kobe Bryant, na imetolewa moja tu duniani. Ikaipita ile kadi ya besiboli ya Mickey Mantle iliyouzwa dola milioni 12.6 mwaka 2022. Walioinunua ni mfanyabiashara Kevin O'Leary na wenzake wawili.

Kila mtu akashupalia bei. Mimi nikashupalia kitambaa.

Kwenye kadi ile, kila mchezaji amewekewa kipande cha jezi chenye nembo ya NBA, kile kivuli cheupe cha mtu anayedunda mpira. Sasa yule mtu ni Jerry West wa Lakers. Mchoraji wa nembo, Alan Siegel, aliyeichora mwaka 1969, alisema mwenyewe kwamba aliitoa kwenye picha ya West, ingawa NBA kwa miaka mingi haikutaka kukiri. West alicheza Lakers tu, kuanzia 1960 mpaka 1974, akafariki Juni 2024. Kwa hiyo kadi ya michezo iliyokuwa ya bei mbaya kuliko zote duniani mwaka 2025 ina Jerry West mara mbili, na wala haihesabiwi kuwa kadi yake.

Ndiyo maana nauliza: mshiko wa hizi kadi unaenda kwa nani hasa?

Kwa wale wasiozijua, kadi hizi zamani zilikuwa zinatoka na bigijii. Mtoto ananunua bigijii, ndani anakuta picha ya mchezaji, na nyuma ya picha kuna maelezo yake. Mwaka 1948 kampuni ya Bowman, ambayo ilikuwa kampuni ya bigijii, ilitoa kadi 72 za wachezaji wa kikapu. Namba 69 ni George Mikan wa Lakers. Enzi hizo Lakers walikuwa Minneapolis, jimbo la Minnesota, ambako maziwa yamejaa kila kona, na jina la timu lilitoka huko. Walipohamia Los Angeles mwaka 1960 wakaondoka na jina lao, maziwa wakayaacha.

Mikan alikuwa jamaa wa futi 6 na inchi 10, anacheza na miwani usoni. Alikuwa anawanyanyasa wenzake chini ya goli mpaka mwaka 1951 ligi ikaamua kupanua eneo la mbele ya goli kutoka futi 6 hadi 12, ili asiweze kuweka kambi pale. Hebu fikiria, wanabadilisha uwanja kwa sababu yako!

Uzeeni mambo yakawa mengine. Kisukari kilimla, mwaka 2000 akakatwa mguu. Huku anaumwa, alikuwa anapigania wazee waliocheza kabla ya 1965 waboreshewe pensheni, maana walikuwa wanapewa kidogo kuliko waliokuja baadaye. Alifariki Juni 2005. Shaquille O'Neal, naye aliyekuwa jitu la kati la Lakers, akajitolea kulipia mazishi. Miaka 10 baadaye, mwaka 2015, kadi yake ya 1948 iliyopewa alama 10 ya ubora ikauzwa kwa zaidi ya dola 400,000.

Jamani. Mtu mwingine analipia jeneza lako, halafu picha yako iliyotoka kwenye bigijii inanunua nyumba.

Najua kuna mdau atasema biashara ni biashara, aliyeitunza kadi miaka 60 bila kuikunja ndiye anayestahili. Kisheria yuko sawa. Kadi ikishatoka kiwandani inaweza kuuzwa mara mia, mwenye sura hapati senti kwenye mauzo hayo. Anachopata kinatokana na leseni, yaani kile kampuni inachowalipa ligi na chama cha wachezaji ili ipate ruhusa ya kuchapa. Baada ya hapo ni mali ya mwenye kabati.

Mwaka 1961 kampuni ya Fleer ilitoa kadi ambazo ndizo za mwanzo kabisa za Jerry West na Elgin Baylor. Baylor alikuwa ameingia ligi tangu 1958, lakini baada ya Topps kutoa toleo moja la msimu wa 1957-58, kadi za kikapu zilipumzika. Hazikuwa na soko, mtoto wa Marekani alikuwa anataka besiboli.

Hao hao West na Baylor, Januari 1964, walikuwa kwenye chumba cha kubadilishia nguo pale Boston, siku ya mechi ya nyota wote. Mechi ilikuwa ionyeshwe kwenye televisheni. Wachezaji wakagoma kutoka: hatuchezi mpaka tuhakikishiwe pensheni. Mwenye timu ya Lakers wakati huo, Bob Short, akatuma ujumbe mkali kwa wachezaji wake hao wawili kwamba wasipotoka watajuta. Hawakutoka. Mkuu wa ligi alipoahidi pensheni ndipo wakaingia uwanjani. Kwa maoni yangu hilo ndilo bao kubwa la West, na hakuna kadi inayolionyesha.

Kadi ya Magic Johnson nayo ina kituko chake. Mwaka 1980 Topps waliamua kubana matumizi, wakachapa wachezaji watatu kwenye kadi moja yenye vitobo vya kuchania, kama tiketi. Kadi ya mwanzo ya Magic imeungana na Larry Bird na Julius Erving katikati. Watoto wakafanya walichoambiwa, wakachana. Leo wasiochana ndio wanaochekelea.

Tuje kwa Kobe, maana hapo ndipo vijana wengi walipoingilia. Charlotte walimchagua namba 13 mwaka 1996, akapelekwa Lakers kabla hajacheza mechi hata moja, na kadi yake ya Topps Chrome ya msimu ule ndiyo inayotafutwa zaidi. Alipofariki kwenye ajali ya helikopta tarehe 26 Januari 2020, bei zilipanda ndani ya siku chache. Watu wanalia huku wanabofya "nunua". Halafu korona ikafungia Wamarekani ndani, na 2021 ikawa vurugu. PSA, kampuni inayokagua kadi na kuzipa alama 1 mpaka 10, ilizidiwa na mzigo, ikasimamisha kupokea nyingi. Maduka ya Target yakaacha kwa muda kuuza kadi madukani baada ya watu kupigana kwenye maegesho ya duka moja kule Wisconsin, mpaka bastola ikatolewa. Mwaka uliofuata bei zikashuka, na walionunua kileleni wakabaki na karatasi.

Tofauti na enzi za bigijii ni kwamba siku hizi uhaba unatengenezwa. Kadi ya Mikan ni adimu kwa sababu watoto waliitupa. Kadi ya leo ni adimu kwa sababu kiwanda kimeamua: hii zitoke 99, hii 10, hii moja tu. Mchezaji yule yule, picha ile ile, rangi ya pembeni tu ndiyo inabadilika. Kuna watu mtandaoni wananunua maboksi, wanauza nafasi kwa timu, halafu wanafungua pakiti laivu mbele ya kamera. Ukitaka nafasi ya Lakers unalipa zaidi kuliko ya timu ndogo, na unaweza kuondoka na hewa. Kwetu hiyo tungeiita bahati nasibu bila kumung'unya maneno.

Nichomekee la nyumbani kidogo. Mwaka 2009 Hasheem Thabeet wetu alichaguliwa namba 2 na Memphis, na Stephen Curry akachaguliwa namba 7. Ulikuwa msimu wa kwanza wa Panini kuchapa NBA peke yao, kwa hiyo mtu alikuwa anafungua pakiti za toleo lile lile na kukutana na Mbongo au Curry. Mwaka 2021 kadi moja ya Curry ya msimu ule ikapita dola milioni 5. Za Hasheem za kawaida ni bei ya chipsi na soda. Siku ile ya uchaguzi nani angebisha kwamba namba 2 ndiyo dili?

Nikirudi kwa Lakers, Februari 2025 walimleta Luka Doncic kutoka Dallas, na kadi zake za mwanzo za 2018 zina jezi ya Mavericks. LeBron za mwanzo ni za Cleveland. Shaq ni Orlando. Kareem ni Milwaukee, tena kwa jina lake la zamani, Lew Alcindor. Anayekusanya Lakers watupu waliozaliwa kikadi wakiwa Lakers anabaki na Mikan, Baylor, West, Magic, Kobe na wengine wachache. Mimi ningekuwa nazo hela ningekomaa na hao.

Jipya ni kwamba leseni imehama. Kampuni ya Fanatics iliinunua Topps Januari 2022, na kuanzia msimu wa 2025-26 kadi za NBA zimerudi Topps. Panini walishawashtaki Fanatics tangu 2023 kwamba wanahodhi soko. Katika mpango huo wa Fanatics chama cha wachezaji kilipewa hisa, na hilo nalipongeza, ni hatua ambayo kina Mikan hawakuiota. Pia mwaka 2016 chama hicho kilikubali kugharimia bima ya afya ya wastaafu waliocheza angalau misimu mitatu. Tusiseme hawajafanya kitu.

Lakini hisa ni za chama, na chama ni cha wanaocheza sasa. Hizo hisa zikizaa, je, kuna fungu la mzee aliyechapwa 1961, aliyegoma pale Boston ili wengine wale? Mdau mwenye jibu alimwage hapo chini.