Ukuta Uliooza Hautibiwi kwa Chokaa



Yeyote aliyelala usiku mmoja katika nyumba za umma za Eastlands wakati wa mvua za masika hahitaji kuelezwa unyevu ni nini. Huanza kama doa dogo pembeni mwa dari. Doa hupanuka, ukuta hutoka jasho, rangi huvimba na kubambuka. Kisha huja baridi ya Juni na Julai, na kuvu nyeusi hutambaa nyuma ya kabati na chini ya kitanda. Nguo zilizokunjwa hunuka uvundo. Mtoto anayelala upande wa ukutani huanza kukohoa, na mama yake huanza safari ya kwenda zahanati na kurudi, akipewa dawa ya kifua leo na kesho, ilhali ugonjwa wenyewe umebaki nyumbani, umejibandika ukutani.

Sisi tunaoandika haya tunaishi katika mtaa mmojawapo. Hatuutaji mtaa, wala ofisi, wala afisa, kwa kuwa yaliyotupata yamewapata wengi, na anayehusika anajijua. Tuliandika barua tatu. Ya kwanza ilipotea. Ya pili tuliambiwa faili lake halionekani. Ya tatu ilipigwa muhuri, na baada ya majuma mengi akaja fundi akiwa na debe la rangi. Hakupanda paani. Hakuutazama mfereji wa maji ya mvua uliokatika. Aliipaka kuvu rangi nyeupe, akatutaka tutie sahihi kwamba kazi imekamilika. Mjane mmoja, jirani yetu, alikataa kutia sahihi. Akaambiwa kwa upole wa kutisha kwamba wako wengi wanaoitaka nyumba yake. Kabla ya mwezi kwisha, doa lilikuwa limerudi mahali pake kama mwenyeji aliyetoka safari.

Waumini watakumbuka kwamba jambo hili si geni katika Maandiko. Mambo ya Walawi, mlango wa 14, unaeleza la kufanya pigo likionekana katika kuta za nyumba. Mwenye nyumba hulitangaza. Kuhani huenda mwenyewe kutazama. Nyumba hufungwa siku saba, kisha hutazamwa tena. Mawe yenye pigo hung'olewa, kuta hukwanguliwa, na mawe mengine hutiwa mahali pake. Hakuna neno hata moja la kupaka rangi juu. Naye nabii Ezekieli, mlango wa 13, anawakemea wale wanaoujenga ukuta dhaifu na kuupaka chokaa, wakijua kwamba mvua ya kwanza itaufichua. Ikiwa watu wa jangwani, wasio na wahandisi wala bajeti, walijua kwamba ukaguzi hutangulia ukarabati, ofisi zetu zina udhuru gani?

Tusidhani kwamba maarifa haya hayakuwahi kufika Nairobi. Tom Mboya, kabla ya kuwa kiongozi wa wafanyakazi na waziri, aliajiriwa na Baraza la Jiji la Nairobi mwaka 1951 kama mkaguzi wa afya na usafi. Kazi hiyo ilikuwapo hata chini ya wakoloni, ambao hawakumpenda Mwafrika. Nyumba nyingi za mitaa hii walizijenga ziwe za wanaume walioacha jamaa zao mashambani, chumba kimoja na jiko la pamoja. Kaloleni, iliyojengwa katika miaka ya 1940 kwa ajili ya jamaa nzima, ilipewa bustani na ukumbi. Leo jamaa nzima hukaa hata katika vyumba vilivyokusudiwa mtu mmoja, na mkaguzi haonekani.

Wala tusisahau jinsi mpangaji alivyonyang'anywa sauti. Mwaka 1983 Baraza la Jiji lilivunjwa, na mahali pake ikawekwa Tume ya watu walioteuliwa. Hadi uchaguzi wa vyama vingi wa Desemba 1992, kwa takriban miaka tisa, mpangaji wa Bahati au wa Jericho hakuwa na diwani aliyemchagua wa kumpelekea habari za paa linalovuja. Wale waliokusanyika Kamukunji tarehe 7 Julai 1990, katika uwanja ulio jirani na Shauri Moyo, walipigwa na kutiwa mbaroni kwa kudai haki ya kuchagua. Haki hiyo tunayo sasa. Lakini kura isiyoweza kumleta fundi paani ni kura iliyokatwa mkono.

Mwenye nyumba wa umma ana majibu matatu, na ni wajibu wetu kuyapima moja moja.

Jibu la kwanza ni kwamba kodi ni ndogo. Ni kweli, kodi ya nyumba za umma iko chini ya ile ya soko. Lakini aliyeipanga ni yeye. Stakabadhi tunazopewa hazisemi kwamba tumepangishiwa nyumba isiyo na paa. Kuta hizi zimelipiwa kodi tangu babu zetu, miongo kwa miongo. Zilipokwenda fedha hizo tungependa kuonyeshwa. Na pafu la mtoto halijui kama kodi ni ndogo au kubwa. Shirika la Afya Duniani lilieleza katika mwongozo wake wa mwaka 2009 kwamba unyevu na kuvu ndani ya nyumba huambatana na maradhi ya njia ya hewa na pumu. Halikuwatoa wapangaji wa bei nafuu katika hesabu hiyo.

Jibu la pili ni kwamba mpangaji mwenyewe ndiye aletaye unyevu, kwa kupikia ndani na kuanika nguo chumbani. Hapa tuseme kweli. Mvuke wa sufuria na pumzi za watu wengi katika chumba kimoja huleta majimaji. Lakini majimaji hayo huonekana kwenye vioo vya madirisha na pembe zenye baridi. Maji ya paa huacha doa linalokua kila mvua inyeshapo. Maji ya ardhini hupanda kutoka sakafuni, yakaishia kimo cha kiunoni au karibu mita moja, yakiacha chumvi nyeupe kwenye plasta. Maji ya bomba lililopasuka hulowesha ukuta hata wakati wa kiangazi. Hizi ni dalili ambazo fundi yeyote mzoefu huzitambua. Anayemlaumu mpangaji kabla ya kupanda paani na kukagua bomba hatafuti sababu, anatafuta kisingizio.

Jibu la tatu ndilo zito: kwamba nyumba hizi ni za kubomolewa, hivyo kuzitengeneza ni kupoteza fedha. Sisi hatupingi nyumba mpya. Tumeiona Pangani ya zamani ikibomolewa na majumba marefu yakiinuka. Lakini mpango ulio katika karatasi hauzuii mvua. Mtu analala katika nyumba hii usiku wa leo, na analipa kodi ya mwezi huu. Isitoshe, nyumba iliyoachwa ioze hugeuka kuwa hoja ya kuibomoa. Na mpangaji aliyechoshwa na kikohozi huondoka mwenyewe, bila fidia na bila ahadi ya kurudi. Wakati huohuo, chini ya Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya mwaka 2024, mwajiriwa hukatwa asilimia 1.5 ya mshahara wake, na mwajiri hutoa kiasi hicho hicho, ili nyumba mpya zijengwe. Basi mfanyakazi wa Eastlands huchangia paa la nyumba asiyoijua, huku paa lililo juu ya kichwa chake likivuja.

Sheria inasemaje? Kifungu cha 43 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa kila mtu haki ya makao ya kutosha na viwango vya kuridhisha vya usafi, pamoja na haki ya afya. Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, kifungu cha 118, inaihesabu nyumba iliyo katika hali ya kudhuru afya kuwa kero inayopaswa kuondolewa. Haki hizi si mapambo. Mwaka 2013, katika kesi ya wapangaji wa Muthurwa, mtaa wa reli uliokuwa mali ya mfuko wa pensheni, Mahakama Kuu iliamua kwamba haki yao ya makao ilikuwa imevunjwa. Januari 2021, katika kesi ya wakazi wa Mitumba karibu na Uwanja wa Ndege wa Wilson, Mahakama ya Juu nayo ilithibitisha kwamba haki ya makao inaweza kudaiwa mahakamani.

Kasoro yetu ni muda. Sheria zetu zinatamka haki, lakini hazimwekei mwenye nyumba wa umma siku ya mwisho ya kutengeneza ukuta. Tazameni Uingereza. Desemba 2020, katika mji wa Rochdale, mtoto wa miaka miwili aitwaye Awaab Ishak alifariki kwa maradhi ya njia ya hewa yaliyotokana na kuvu katika nyumba ya kupanga ya shirika la makazi ya jamii. Wazazi wake walikuwa wamelalamika, na lawama ikatupwa kwa mienendo ya jamaa yake. Uchunguzi wa mwaka 2022 uliitaja kuvu waziwazi. Kutokana na msiba huo ikazaliwa Sheria ya Awaab, iliyoanza kutumika tarehe 27 Oktoba 2025: hatari ya dharura hushughulikiwa ndani ya saa 24, unyevu na kuvu wenye madhara makubwa hukaguliwa ndani ya siku 10 za kazi, na nyumba hufanywa salama ndani ya siku 5 za kazi baada ya hapo. Je, sisi tungoje jeneza dogo litolewe Maringo au Mbotela ndipo tuandike siku katika sheria?

Na sisi wenyewe tusijipake chokaa. Wako miongoni mwetu waliojenga vibanda vya mabati juu ya mitaro, maji yakakosa pa kupita. Wako wanaowapangisha wengine kwa siri, wakaogopa mkaguzi kuliko wanavyoogopa kuvu. Wako waliompa karani kitu kidogo ili nyumba yao pekee ishughulikiwe, wakaufunga mlango nyuma yao. Anayedai haki kwa rushwa ameinunua dhuluma kwa bei ya rejareja.

Basi tufanye nini? Kwanza, tusiandike tena barua ya mtu mmoja. Nyumba zote za safu moja ziandike pamoja, zitaje namba za nyumba, tarehe, na mahali maji yanapoingilia, na ziweke nakala yenye muhuri. Pili, tupige picha za ukuta ule ule kila mwezi, na tutunze kadi za zahanati za watoto. Tatu, tumwalike afisa wa afya ya umma kwa maandishi, aje atoe ripoti. Nne, tutumie Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016, inayoipa ofisi ya umma siku 21 kujibu, tuulize kodi ya mtaa wetu imekusanywa kiasi gani na ukarabati umetumia kiasi gani. Tano, kupitia kwa mwakilishi wa wadi, tupeleke ombi kwa bunge la kaunti, tudai muda maalumu wa ukarabati uandikwe katika sheria. Tukipuuzwa, iko ofisi ya Ombudsman, na iko mahakama.

Neno la tahadhari: mtu asiache kulipa kodi peke yake kwa hasira. Mwenye deni hufukuzwa kwanza na kusikilizwa baadaye. Tulipe, tuweke stakabadhi, tudai tulicholipia. Wala asiyekubali kazi asitie sahihi kwamba imekamilika.

Makanisa yana ukumbi, yana mawakili na wahandisi katika viti vyake, na yana watu walio tayari kutembelea wagonjwa. Tunawaomba wachungaji na mapadre wa mitaa hii wafanye alivyofanya kuhani wa Walawi: waingie ndani ya nyumba, watazame ukuta kwa macho yao, kisha waseme walichokiona.

Jirani yetu mjane bado yuko nyumbani mwake. Katika Injili ya Luka, mlango wa 18, mjane alimshinda kadhi dhalimu kwa kurudi tena na tena. Yule alikuwa peke yake. Huyu wetu asiachwe peke yake. Barua ya nne tutaiandika pamoja, na sahihi yake itakuwa ya kwanza.

Nyumba ni za umma. Na umma ni sisi.